Azimio la Kuinamisha Kibao

Watu wa kwetu wakisikia nimekaa Stahani majuma matatu, kwanza huniuliza njia. Njia haina habari. Nilipanda, nikashuka, nikafika. Habari ni ya wenyeji wake, na hiyo nitaieleza kama nilivyoiona, ingawa najua wapo watakaosema fundi Shomvi ameanza tena. Kazi yangu ni kutengeneza mizani. Sina elimu ya mambo ya mataifa, na ulimi wangu haukuwekewa breki. Lakini macho ninayo, na tumbo ninalo, na tumbo langu lilikaa Stahani kwa mashaka tangu siku ya pili mpaka nilipoondoka.

Si kwamba nchi ni mbaya. Barabara zinafagiliwa, maji hayakatiki, watu ni wakarimu na wanapenda mazungumzo. Watakueleza habari za mvua, za harusi, za goti linalowauma upande wa kushoto. Jambo moja tu hawalisemi. Huko Stahani mtu hatangulii kutaja haja yake. Kusema "nataka" kabla mwenzako hajasema ni fedheha kuliko kukamatwa ukiiba. Mwizi, wanasema wao, angalau alijificha.

Hili nililijulia sokoni. Nilimkuta muuza nyanya na mnunuzi wake wamekaa wanatazamana, na nyanya za chini zimeshaanza kutoa maji. Muuzaji hataji bei, maana ataonekana anataka kuuza. Mnunuzi haulizi, maana ataonekana anataka kununua. Walikuwa hapo tangu asubuhi. Nikashindwa kuvumilia, nikasema, "Jamani, fungu bei gani?" Lo! Wote wawili walinishukuru karibu kulia, na biashara ikaisha mara moja.

Kumbe kwao mgeni hahesabiwi fedheha. "Mgeni hana haya," ndio usemi wao, na wala hawakutukani wakiusema. Wanausema kama sisi tunavyosema daktari hana kinyaa. Tangu siku hiyo sikununua chakula. Niliitwa kwenye posa mbili, kwenye mauzo ya shamba, na kwa mzee mmoja aliyekuwa akitamani, kwa miaka kumi na moja, mkewe apunguze chumvi kwenye mchuzi. Nilifungua kinywa, wao wakamaliza wenyewe.

Jumamosi ya juma la pili akaja Bi Sikudhani. Alikuwa mama wa makamo, mikono yake inanukia ufuta, kiongozi wa washindikaji wa mafuta katika mji wa Mashindiko. Alikaa kwenye kigoda changu, akazungumzia joto, akazungumzia mizani yangu, akasifu sana nyundo. Mimi nikamwambia, "Bi Sikudhani, sema. Unataka nini?" Akashusha pumzi ndefu, kisha maneno yakamtoka mfululizo.

Liko Baraza la Masoko, akanieleza, ambalo mataifa thelathini na mawili hukutana na kupatana habari za ushuru wa mipakani. Zamani ilikuwa bidhaa moja moja, lakini mwaka huu Baraza limeamua mipaka yote ifunguliwe, ila kila nchi ina haki ya kuandikisha bidhaa chache kwenye Orodha ya Kulindwa. Bidhaa iliyoandikwa itabaki na ushuru wake. Isiyoandikwa, ya kigeni itaingia bure. Orodha inafungwa Alhamisi, na haitafunguliwa tena kwa miaka ishirini.

"Kuna nchi wanakamua ufuta kwa mitambo mikubwa kama msikiti," akasema. "Mafuta yao yakiingia bila ushuru, yatauzwa rahisi kuliko mbegu zetu kabla hatujazikamua. Mashindiko tuna nyumba mia nne zenye vinu. Hatujui kazi nyingine, fundi. Mume wangu, Mungu amrehemu, aliniachia kinu na fahali wawili, na kwa hicho nimekuza watu sita."

"Sasa si muiambie serikali yenu?"

Akaniangalia kwa huruma, kama mtu anayemsikia mtoto akiuliza kwa nini jua haliliwi. "Ndiyo maana nimekuja kwako," akasema.

Jumatatu tukaenda Ofisi ya Maafikiano na Mataifa. Ni jengo la ghorofa nne, jeupe, na juu ya mlango wamechonga: Kimya Kingi Kina Mshindo Mkuu. Ofisi hii ndiyo inayoisemea Stahani mbele ya Baraza, ikiwa kusemea ndilo neno. Tulipelekwa Chumba cha Maoni, mahali ambapo raia huja kutoa mawazo yao kabla ya mkutano. Ndani kulikuwa na karani nyuma ya meza, na mbele yake washona viatu watatu. Karani hakuwauliza wanataka nini, kwa sababu ya adabu. Nao hawakumwambia, kwa sababu ya adabu. Walikaa dakika thelathini wakitabasamu. Kisha karani akapiga muhuri na kuandika kwa mwandiko mzuri sana: Walifika. Hawakuwa na pingamizi.

Nikasema, "Ebo! Hawa watu wamekuja kwa viatu vyao!"

Mmoja wa wale washona viatu akaninong'oneza, "Kwa ngozi, bwana. Viatu vilikwishakwenda katika mkutano uliopita, ushuru wake ukafutwa."

Ilipofika zamu yetu sikumngoja mtu kutabasamu. Nikasema kwa sauti, "Mama huyu anataka ufuta uandikwe kwenye Orodha ya Kulindwa kabla ya Alhamisi." Na hapo ndipo niliposhangaa, maana sikutegemea nilichokiona. Karani aliruka kwenye kiti kama aliyefunguliwa kamba. Akaita wakubwa, wakubwa wakaita wakubwa wao, na kabla ya saa moja tulikuwa mbele ya Mkurugenzi mwenyewe, Bwana Mwinyikombo.

Naomba nisimwonee. Bwana Mwinyikombo hakuwa mjinga, wala mla rushwa, wala mvivu. Alikuwa mtu mwembamba wa miaka kama hamsini na tano, sauti laini, na kazi yake aliijua kuliko nilivyojua mimi mizani. Alimwuliza Bi Sikudhani maswali ya maana: vinu vingapi, madebe mangapi kwa msimu, wanawake wangapi. Akaandika yote. Mwishowe akafungua jalada, akaandika kwa mkono wake mstari wa kwanza kabisa wa Msimamo wa Taifa: Ufuta ulindwe. Akapuliza wino ukauke.

Bi Sikudhani alilia. Nikadhani kazi imekwisha, nikaanza hata kufikiria pilau. Ila ulimi wangu, kama nilivyosema, hauna breki, nikamwuliza Mkurugenzi, "Na huko Barazani nani atausema?"

Wale maofisa wote wakatazama sakafu.

"Tutangoja tuulizwe," akasema Bwana Mwinyikombo.

"Mmewahi kuulizwa?"

"Bado. Mimi nimehudhuria mikutano kumi na tisa." Alisema hivyo kwa kujiheshimu, si kwa masikitiko. "Mwenyekiti wa Baraza ni mtu mstaarabu sana, anatuelewa. Husoma azimio, husema, 'Ikiwa hakuna pingamizi,' kisha hungoja kidogo, hugonga nyundo. Hajawahi kutuaibisha hata mara moja."

"Lakini bwana, anapongoja ndipo anapouliza!"

"Hatamki jina letu," akasema kwa upole. "Akitamka, tutajibu. Majibu tunayo ya miaka kumi na tisa." Akanionyesha kabati. Wallahi nililiona kwa macho yangu: majalada toka chini mpaka juu, Msimamo wa Nguo, Msimamo wa Sukari, Msimamo wa Viatu, kila mmoja umeandikwa vizuri, umepigwa muhuri, na haujasomwa na mtu.

Siku ile sikula. Bi Sikudhani alikaa uani kwangu anakunja na kukunjua upindo wa kanga. "Alhamisi," alikuwa akisema peke yake. "Alhamisi ni mtondo." Nikamwambia nitakwenda mimi, niseme mimi, si mgeni hana haya? Akatikisa kichwa. Barazani hasikilizwi mtu asiye na beji ya nchi, na mgeni hapewi beji.

Jumanne Ofisi ikaitisha kikao cha dharura juu ya swali lile lile: nani atausema. Niliruhusiwa kukaa pembeni ili nikifungue kikao, maana bila mimi wangekaa wakisifiana makoti. Nikakifungua. Walijadili saa sita, na nitaeleza kwa ufupi, maana nikikumbuka yote napata homa.

Mkuu wa Kitengo cha Sheria alitoa hoja kwamba afisa mmoja akohoe. Kikohozi si ombi, akasema, lakini kinaweza kumfanya Mwenyekiti awatazame. Mkuu wa Kitengo cha Staha, bibi mmoja mrefu mwenye miwani, akapinga: kikohozi cha makusudi ni ombi lililovaa kanzu ya ugonjwa. Wakabishana kama kikohozi cha kweli kingekubalika, na kama ni halali kumpeleka mtu mwenye mafua. Wakaja kwenye kibao. Barazani kila nchi ina kibao cha jina lake mezani, na anayetaka kusema hukisimamisha wima. Kusimamisha kibao ni kutanguliza haja, hilo halikuwa na mjadala. Je, kukiinamisha? Mtu akikiona kibao kimeinama, si ataulizia kuna nini?

"Kiasi gani?" akauliza bibi wa Staha. "Kikiinama sana itakuwa ni kelele."

Hapo uvumilivu ukanitoka. "Mama wa watu ana vinu mia nne nyuma yake," nikasema, "na nyinyi mnapima kibao! Kwetu tunasema mficha uchi hazai!"

Hakuna aliyekasirika. Walinitazama kwa upole ule ule wa kutazama mgeni, wakaendelea. Saa kumi alasiri walipitisha, kwa kura tisa dhidi ya mbili, Azimio la Kuinamisha Kibao, upana wa vidole viwili, upande wa kulia. Bwana Mwinyikombo akapangusa jasho. Akanifuata mlangoni, akanishika mkono.

"Fundi," akasema, "usidhani sijali. Mama yangu mzazi alikuwa mshona nguo. Nilikuwepo siku nguo ilipokwenda."

"Na ukanyamaza?"

"Nilingoja," akasema. Kisha akafanya jambo moja jema, na ninalitaja ili haki itendeke. Aliandika barua Bi Sikudhani apewe beji, aingie Barazani kama mwakilishi wa wazalishaji, akae kiti cha nyuma yake. Alisema ni vizuri mwenye mali awepo inapozungumzwa.

Alhamisi tulikuwa Barazani. Ukumbi ni wa duara, meza thelathini na mbili, vibao thelathini na viwili. Mimi niliwekwa nyuma ya kamba pamoja na watazamaji. Bi Sikudhani alikaa nyuma ya Mkurugenzi na beji kifuani, na hata kutoka mbali niliona namna alivyokuwa akiishika, kama inamchoma.

Nilidhani nchi kubwa ndizo zitakazosema. Kumbe wa kwanza kusimamisha kibao alikuwa mama mmoja kutoka kisiwa kidogo, jina nimelisahau, ujumbe wake wote watu watatu. Alikuwa na mafua, sauti imekauka. Akasema, "Sisi tunataka kungumanga yetu ilindwe, na iliki." Mwenyekiti akauliza kama kuna pingamizi, hapakuwa, nyundo ikagonga. Hata dakika haikutimia. Yule mama akapenga kamasi akakaa. Nilitaka kulia kwa wivu, nami hata si Mstahani.

Bwana Mwinyikombo akainamisha kibao. Vidole viwili, upande wa kulia, sawasawa na azimio. Ukumbini kulikuwa na mhudumu wa kuangalia meza, kijana nadhifu mwenye glavu nyeupe. Akakiona. Akaja kwa nyayo laini, akakinyoosha, akainama kwa heshima, akaenda zake.

Mkurugenzi akangoja kidogo, akakiinamisha tena. Mhudumu akarudi, akakinyoosha.

Nchi zikawa zinaandikisha: mchele, asali, samaki wa kukausha, mpaka mkia wa nyumbu sijui wanaufanyia nini. Saa kubwa ya ukutani ilikuwa inakaribia sita, saa ya kufunga. Mara ya tatu kibao kikainama, mara ya tatu kikanyooshwa, na safari hii mhudumu alikiwekea kipande cha karatasi chini ili kisisumbue tena. Maofisa wa Stahani walikuwa wamekaa wima na jasho linawatiririka masikioni. Nilikuwa nimeuma kamba ya watazamaji bila kujua, mpaka jirani yangu akanigusa bega.

Mwenyekiti akasema, "Orodha sasa inafungwa. Ikiwa hakuna pingamizi." Akanyanyua nyundo, akangoja, kama anavyongoja siku zote.

Bi Sikudhani akasimama.

Ni lazima mnielewe alichokifanya. Yule ni mwanamke aliyezaliwa na kulelewa Stahani, ambaye hakuweza kuniambia mimi, fundi mizani, anataka nini mpaka nilipomwuliza. Alivuta kanga usoni nusu, akaiachia. Akasema, kwa sauti ambayo haikuwa kubwa lakini ilifika kila pembe, "Ufuta. Sisi Mashindiko tunataka ufuta wetu ulindwe. Tuko nyumba mia nne, na hatuna kingine."

Vichwa vyote vikageuka. Mwenyekiti akateremsha nyundo taratibu, akavaa miwani, akatafuta karatasini. "Stahani," akasema. Alilitamka jina! "Stahani inaomba ufuta. Kuna pingamizi?"

Hapakuwa na pingamizi. Wale wenye mitambo mikubwa walitazamana, mmoja akainua mabega, mwenzake akaangalia saa. Hawakuwa wamejiandaa, nani angejiandaa na Stahani? Karani wa Baraza alishika kalamu. Nilikuwa nimesimama juu ya vidole vya miguu, nasali kwa lugha zote ninazozijua.

Ndipo Bwana Mwinyikombo aliposimama.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema. Sauti ilikuwa safi, imetulia, ya mtu aliyezaliwa kuhutubia. "Waheshimiwa wajumbe. Kwa niaba ya serikali na watu wa Stahani, naomba radhi kwa utovu wa adabu mliousikia hivi punde. Nchi yangu imekaa nanyi katika mikutano kumi na tisa, na haijapata kumtangulia yeyote kwa haja zake. Mwenzetu amelemewa na uchovu wa safari. Tunaliomba Baraza lisitudhanie kuwa ndivyo tulivyo, na maneno hayo yafutwe katika kumbukumbu."

Mwenyekiti akamwashiria karani asiandike kwanza. Nadhani hata yeye alitaka kumsaidia. "Nikuelewe vizuri, Mkurugenzi. Stahani inaondoa ombi lake la ufuta?"

"Tunaondoa aibu yetu, Mheshimiwa."

"Karani anahitaji kuandika jambo moja," akasema Mwenyekiti. "Ombi lipo, au halipo?"

Nilipiga kelele. Sijui nilisema nini, niliambiwa baadaye ni matusi ya kwetu. Askari wakanitoa nje, kwa hiyo jibu lake sikulisikia. Nilisikia nyundo tu, nikiwa nje ya ukumbi, imepigwa mara moja.

Wakatoka. Maofisa walikuwa wanapongezana kwa sauti ya chini. Bibi wa Staha alimwambia Mkurugenzi kwamba ameiokoa nchi, naye alikuwa anamaanisha kweli. Bwana Mwinyikombo akampita. Alikuwa anamtafuta Bi Sikudhani, akamkuta karibu na ngazi, anajaribu kuifungua ile beji na vidole havimtii. Uso wa Mkurugenzi ulikuwa umelowa machozi.

"Bi Sikudhani," akasema, "nisamehe. Ulichosema ni kweli chote. Mimi mwenyewe niliandika, mstari wa kwanza, uliniona. Lakini uliona walivyotugeukia? Wote? Wanatutazama?"

Bi Sikudhani akamaliza kuifungua beji. Alimtazama, si kwa hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Akamwekea beji mkononi, akamfumba vidole juu yake kama unavyomfumbia mtoto senti.

"Miaka yote hii," akasema, "nguo ikienda, sukari ikienda, viatu vikienda, sisi tulikuwa tukikuombea dua. Tulidhani huwezi kusema. Kumbe unasema vizuri hivyo."

Kisha akauliza gari la Mashindiko linaondokea wapi, maana alitaka awahi kuwaambia wenzake kabla mafuta ya kigeni hayajafika.